Kifaa Kipya cha Kulehemu

Kila asubuhi kabla ya chai, fundi wa redio wa ghorofa ya pili, sokoni Jongno jijini Seoul, husogeza ncha ya chuma chake cha kulehemu karibu na shavu, apate kujua kama imepata moto. Lakini majuzi risasi ya kulehemu ilianza kukataa kushika, akawa anawarudisha wateja, na muuza betri wa jirani akamtania: "Dada, uzee umeshapiga hodi! Funga duka ukalee wajukuu." Mama yule aliendelea kuisugua ncha. Eun-sol, muuza nyaya wa kibanda cha mbele, aliingiwa na hofu, kwa maana hakuwa amewahi kumwona akikosa jibu. Leo kifaa kipya kimefika. Fundi alikata utepe wa boksi taratibu kama anayemenya pea, akapima waya kwa mita ya umeme, akaigeuza ncha mwangani, kisha akalehemu tone moja kwenye bodi ya redio mbovu. Risasi ikatulia, ikang'aa. Akaweka la pili, la tatu, mabega yakamshuka.

"We muuza betri!" akaita. "Wajukuu watangoja!"

Eun-sol akamsogezea chai ya shayiri. "Mama, ulikuwa unaogopa nini?"

"Nilidhani ni mkono wangu."