Nyuki wa Harusi ya Nekesa

Ninyi chekeni tu, aibu mimi nilishaimaliza, maana mtu aliyewatoa wageni mbio harusini wakaacha pilau ikifuka mvuke mezani hana tena uso wa kuficha.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, kompyuta ndiyo zinaingia mitaani, na mimi (shule niliachia darasa la tatu, ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji) nikawatangazia wakwe zetu wa mtaa wa Mountain View kwamba Nekesa, binti ya dada yangu, ataingia ukumbi wa Jamhuri kwa muziki wa kompyuta, si kwa kaseti za kukwaruza kama zao. Rafiki yangu Jaswant, mwenye duka la redio mjini, akaniazima kompyuta na kiboksi kinachogeuza hesabu zake kuwa sauti. Akaniambia, "Mzee, hii box masikio yake mepesi sana. Waya ya sauti weka mbali na waya ya stima, isisikie umeme, sawa?" Nikasema sawa, kichwani nawaza pilau.

Kufika ukumbini naona nyaya zimetapakaa kama matumbo pale machinjioni Dagoretti, nikaona haya, nikazifunga zote pamoja, za stima na za sauti, kwa utepe mweupe wa maua, fundo juu ya fundo, zikapendeza kama bibi harusi mwenyewe!

Basi Nekesa yuko mlangoni, nikabonyeza. Spika ikatoa NGUUUUU, wimbo umezama humo ndani, nikaongeza sauti, na ngurumo ikazidi. Mama mkwe wake, mama wa kofia pana, akanigeukia: "Kwani hiyo ndiyo muziki yenu?"

Nikashika maikrofoni: "Ni nyuki! Wako darini!"

Wee! Watu waliruka viti, kofia ikabaki chini, na mama mkwe akatoka kwa mlango uleule Nekesa aliokuwa anaingilia, akaondoka na shela la bibi harusi limemnasa begani mpaka kwa magari.

Jaswant (naye alialikwa) hakukimbia. Alitazama utepe, akanitazama mimi, akafungua fundo moja baada ya lingine, akazitenganisha nyaya, na nyuki wakanyamaza. Wimbo ukatoka safi kabisa, kwa ukumbi mtupu.

Nekesa akachungulia, kichwa wazi. "Anko, hao nyuki wako wamesharudi kwa kompyuta?" Akaangua kicheko, akaingia akicheza peke yake, vigelegele vikaanzia nje dirishani, na wa kwanza kurudi alikuwa mama mkwe, shela begani, akikata kiuno kuifuata kofia yake.

Tangu siku hiyo mimi harusini nashika sahani, basi. Hata zawadi naifunga kwa gazeti. Utepe sigusi.