Sahani Nilizorudisha Tupu

Jina langu msilitaje, maana nyumba tunayopanga ina vyumba sita na gazeti moja tunalisoma wote.

Nina miaka thelathini na minne, kibarua wa kupakia magunia ya mahindi hapa Sumbawanga. Kwetu ni mbali, upande wa Kigoma. Nilikuja huku wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mahindi, malori yakawa mengi. Shule niliishia darasa la tano. Mke wangu ni Mfipa wa Ilemba, tuna watoto wawili.

Kabla ya yote inabidi niwaeleze habari za mlango mmoja. Chumba kinachopakana na chetu aliishi jamaa tuliyemwita Baba Happy. Krismasi ya mwaka juzi aliifanya kubwa, nguo mpya kwa familia nzima, kreti za soda, redio kaseti ikaimba tukacheza uani. Hata mimi nilikula wali wake. Januari mzee mwenye nyumba akaja kudai kodi, akaambiwa asubiri. Hakugombana na mtu. Alileta fundi, wakang'oa mlango wa chumba, wakaondoka nao. Baba Happy akatundika khanga pale mlangoni, na mvua ya hapa inakuja na upepo wa baridi. Binti yao Happy akaanza kukohoa. Nyumba haina dari, kikohozi kinapita juu ya ukuta utadhani mtoto amelala kwako. Tulimzika kabla mvua hazijakatika. Wazazi wake wakahama.

Mlango ule mzee aliufunga kwenye bafu letu la uani. Kwa ndani kuna kuku aliyechorwa kwa msumari. Happy ndiye aliyemchora. Kila nikioga tunatazamana na kuku huyo.

Kwa hiyo Krismasi iliyopita, mzee alipotaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nilimpa karibu kila nilichokuwa nacho. Wenzangu ghalani walinicheka. "Mshikaji, unalipa kodi sikukuu? Mwenye nyumba atakupikia pilau?" Mke wangu hakucheka. Alisema, "Hata kilo moja ya mchele, Baba? Watoto wakae mlangoni wanaangalia wenzao wanakula?" Nikamjibu, "Watakaa mlangoni kwa sababu mlango upo."

Siku yenyewe tulipika ugali na maharage. Mchana hodi zikaanza. Mama Zawadi alileta wali na nyama, sahani imefunikwa kwa sahani. Wakafuata majirani wengine. Watoto walikula mpaka wakasinzia palepale. Mke wangu hakugusa, alikuwa anazitazama sahani tu. Sahani ya sikukuu hairudi tupu, lazima na wewe uweke chako. Nadhani hata kwetu wanawake wanafanya hivyo, ila mimi sikuwahi kulishika jambo hilo akilini. Sisi cha kuweka hatukuwa nacho, basi zikakaa kwenye kona juu ya ndoo. Mke wangu akawa anaenda bombani wakati hakuna watu.

Nikaona aibu hii niimalize mimi. Mke akiwa sokoni nilizichukua, nikazisugua kwa majivu na sabuni mpaka zikang'aa. Nilifanya kwa heshima. Mama Zawadi alizipokea zake, akazigeuza huku na huku.

"Shemeji, umeziosha kwelikweli."

"Ndiyo, shemeji."

"Chakula mlikula, au mlimwaga?"

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Nilicheka, jamani! Akamwita mwenzake, "Hebu njoo uone, shemeji ametuoshea uchawi!"

Mnajua mji huu unavyosemwa kwa uchawi huko nje. Watu wa hapa wamechoka kusemwa. Sasa mgeni anapokea chakula chao, anasugua sahani kwa majivu, anairudisha tupu. Wangenielewaje? Nilijaribu kueleza kwamba sikuwa na mchele. Mama Zawadi akasema, "Kodi ya miezi sita umelipa, mchele ndio ukakosa?"

Tangu siku hiyo hakuna anayekuja kuomba chumvi kwetu. Salamu zinajibiwa kwa mkato. Mke wangu aliniambia, "Mimi ndiye wa huku, na wewe umenifanya mgeni."

Wiki iliyopita mtoto wetu mdogo alishikwa na kikohozi na homa. Nilijua nyumba nzima inasikia. Happy alipougua, wanawake hawa walikuwa wanapita chini ya khanga ile kwa zamu, huyu na uji, huyu na jiko la makaa. Kwetu hakuja mtu. Mtoto amepata nafuu, lakini mimi bado nasikia kikohozi juu ya ukuta, upande ule ambao sasa hakai mtu. Nikimwuliza mke wangu kama na yeye anasikia, anageukia ukutani.

Pasaka inakaribia. Kodi inaisha Juni, na nimeanza kuweka fedha kidogo. Mke wangu anazitaka hizo hizo. Anataka kupika wali na nyama, apite chumba kwa chumba akajaze sahani za watu na kuomba radhi. "Ukikataa," amesema, "narudi Ilemba na watoto, wewe baki na mlango wako." Lakini mahindi yamekwisha ghalani, na malori hayarudi mpaka mavuno. Nikizitumia, Juni mzee atakuja na fundi wake, na baridi ya Juni hapa inaishinda ile ya Januari.

Mlango wangu ni mzima, unafunga vizuri, na hakuna anayeubishia hodi. Ninyi mnaonisoma, wenye kodi za kulipa na wenye majirani, nishaurini kabla ya Pasaka. Niulinde mlango, au nizijaze sahani?