Mama Alimwulizia Yeye Kwanza

Mwaka wa pili wa chuo tulipangiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, Karatu. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja wa maendeleo ya jamii, tukapanga nyumba moja nyuma ya shamba la kahawa. Wenzangu walikuwa wageni, mimi nilikuwa kwetu. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa katika shamba hilohilo, nami nilizaliwa kwenye kambi ya vibarua. Kwa hiyo mwalimu mlezi wetu wa fildi aliposema tuchague mshauri rika, mtu wa kusikiliza shida za wenzake, sikuwa na shaka kwamba ni mimi. Hata gauni nililipiga pasi.

Walimchagua msichana wa Arash, kule Loliondo, binti wa wafugaji. Kiswahili chake kilikuwa na Kimaasai ndani yake, nacho alikisema taratibu. Nilimpigia makofi pamoja na wengine mpaka viganja vikaniwasha.

Mimi na yeye tulilala chumba kimoja. Kila jioni mlango uligongwa. "Dada yupo?" Dada ni yeye. Mmoja amegombana na mchumba, mwingine amechoshwa na kejeli za msimamizi wake ofisini. Mimi nimekaa hapohapo kitandani, wananipita kwa macho kama pazia. Nilitega sikio nijue siri yake. Hakuwa nayo. Aliuliza tu, "Ikawaje?" kisha akanyamaza.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumapili moja mama yangu alituletea mahindi mabichi, na yule msichana akainamisha kichwa mbele yake, kama wanavyowaamkia wakubwa kwao. Mama hakuelewa mara moja, kisha akamwekea mkono utosini, akacheka kwa furaha. Tangu siku hiyo akifika huniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" kabla hata sijamwamkia.

Siku moja nilipomtembelea kambini akaniambia, "Mwenzako amenipeleka hospitali. Ule mguu."

"Mguu gani, mama?"

Akanitazama. "Huu unaonisumbua tangu masika. Wewe una haraka, mwanangu."

Nilirudi kwenye nyumba yetu ya wanafunzi. Nikachukua simu, nikajirekodi nikiigiza matamshi ya yule msichana, nikawatumia wasichana wawili. Kabla ugali haujaiva nyumba nzima ilikuwa inacheka. Yeye alikuwa anaosha vyombo. Alimsikia mtu sebuleni akimwigiza, wengine wakiangua kicheko. Alimaliza sahani aliyoishika, akaifunika, akaenda kulala.

Baada ya hapo hakufungua mdomo kwenye vikao, na kwa aibu hakuna aliyegonga tena. Ndipo kijana mmoja, mwenzetu aliyekuwa akiruka milo, akanijia mimi. Nilifurahi! Nikampa ushauri mfululizo: sali, fanya mazoezi, lala mapema. Akasema asante, akaondoka. Kesho yake hakuamka kwenda kazini, na alipoitwa hakujibu ila kwa kugeukia ukuta. Nikaogopa.

Nilimkuta yule msichana jikoni anachambua maharage.

"Naomba radhi," nikasema. "Ni mimi niliyeanza."

"Najua. Sauti yako naijua."

"Nisamehe, dada."

"Umenicheka mbele ya watu wote. Radhi unaniomba jikoni, tukiwa wawili?"

Nikamwambia ukweli, kwamba namwonea wivu, kwamba hata mama yangu amenichukulia.

Akaacha kuchambua. "Mama yako? Pale hospitali, foleni nzima alikuwa ananisimulia habari zako. Mama yangu mimi hajui hata ninasomea nini."

Asubuhi, wakati wa chai, nilisimama. Nilisema nilichofanya na kwa nini nilikifanya, na neno wivu nililitamka wazi. Mmoja alicheka kidogo, akainamia kikombe chake. Kisha mwenzetu mwingine, wa Digodigo, kulekule Loliondo, akasema yeye huwa hachangii vikaoni kwa kuogopa lafudhi yake kuchekwa. Hatukujua. Wale wasichana wawili niliowatumia sauti nao wakasimama, wakaomba radhi. Tukakubaliana kwamba mwenzetu akiongea tusikilize anachosema, tuache kuigiza anavyosema.

Yule msichana hakusema amenisamehe. Aliinuka, akanishika mkono. "Twende kwa yule kijana. Usiseme kitu."

Tulikaa sakafuni karibu na kitanda chake. Nilijiuma ulimi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kunyamaza. Mwishowe akatuambia: alishindwa mitihani ya muhula uliopita, na kwao wameshatangaza kwa majirani kwamba anakaribia kuhitimu. Kulikuwa na asubuhi ambazo hakuona sababu ya kuamka. Tulimwomba tumpeleke kwa mlezi siku hiyohiyo, akakubali. Mlezi akamtafutia mshauri nasaha, na masomo aliyoshindwa akapangiwa kuyarudia.

Tulipotoka ofisini kwa mlezi, kijana alimshukuru yule msichana, kwa jina, mara mbili. Mimi hakunitaja. Iliniuma, siwezi kudanganya. Nikatembea nyuma yao hadi nyumbani, na safari hii nikayameza maumivu hayo kimya.