Samli ya Mama na Uso Wangu wa Kidato cha Pili

Mke wangu akiyeyusha samli jikoni, mimi hujikuta nimeshika shavu. Harufu ile ya maziwa yaliyochacha kidogo na moshi wa kibuyu wengine huwaletea njaa. Mimi hunirudisha Same, kwenye kitanda cha juu cha bweni la mabati, nikiwa na uso ambao hata mimi mwenyewe sikupenda kukutana nao.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Hadi leo ukinialika harusi Moshi nitakuuliza kama kuna ulazima. Nilizaliwa Bombo, juu milimani, ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na watoto huamka na nyuso zilizopauka kama zimemwagiwa majivu. Dawa ya baridi ile ilikuwa moja tu. Mama alisukasuka maziwa kwenye kibuyu, siagi akaipika ikawa samli, na kila asubuhi alitupitishia kiganja usoni kwa nguvu, kama anayekandika ukuta. Mtoto asiyeng'aa alikuwa aibu ya mama yake.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari Same, kijiji kizima kilifurahi isipokuwa mimi. Mama alinifungia samli kwenye kopo la maziwa ya unga. Tangu hapo, kila lori la ndizi liliposhuka kutoka kwetu kupitia Maore, dereva wake, Mzee Kiondo, alisimama kwenye geti la shule akanipa kopo jingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yako anasalimu." Na gari limeshaondoka.

Nilijipaka asubuhi na jioni, kwa uaminifu wa mtu anayesali. Hakuna aliyeniambia kwamba Same siyo Bombo. Jua la kule halina mzaha. Kufikia saa nne samli ilikuwa inatiririka shingoni, na vumbi la shamba la shule limenata juu yake kama unga kwenye samaki.

Nikiwa kidato cha pili chunusi zikaanza. Msidhani vile vipele vinavyokuja na kuondoka. Hizi zilikuwa kubwa, nyekundu, zenye moto ndani, na ukilalia shavu unaamka. Moja ikiiva usaha, mbili zinavimba pembeni yake. Nilizitumbua kwa kucha mbele ya kipande cha kioo, na kila niliyoitumbua ilirudi na ndugu zake. Nikasugua uso kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa jiwe la kusugulia miguu. Uso ulipowaka, niliupooza kwa nini? Kwa samli ya mama.

Bwenini hawakukawia. Athumani, aliyelala kitanda cha chini yangu, mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Kigoma, ndiye aliyenipa jina la Karai.

"Karai limeshapata moto," alisema kila nilipoingia kutoka shambani. "Nani ana maandazi tukaange?"

"Hizo ni za kuwaza wasichana," mwingine akadakia.

"Wasichana gani?" Athumani akamkata. "Huyu anawaza ng'ombe wa kwao."

Kilichouma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Na kwenye somo la siasa mambo yalizidi. Mwalimu akianza kueleza habari za kupe wanaonyonya jasho la wengine mpaka wakavimba, darasa zima liligeuka kunitazama.

Nikajitenga. Wakati wa chakula nilikaa mwisho wa benchi, shavu lenye nafuu likiwaelekea wenzangu. Jumamosi walipokwenda mjini nilibaki kitandani, nikafungua kopo, wala si kwa kupaka. Nilinusa tu. Msinicheke sana. Ndani ya kopo lile kulikuwa na jiko letu, na mama akimfokea ng'ombe aliyekanyaga ndoo.

Kisha chunusi moja kando ya pua ikavimba mpaka jicho likafumba, na mwalimu wa zamu akanipeleka zahanati. Tabibu alikuwa mtu mnene wa Msangeni, mpenda utani. Alinitazama, akapitisha kidole kwenye paji la uso wangu, akakinusa.

"Hii nini?"

"Samli."

"Ya kula?"

"Ya kupaka. Mama ananitumia."

Akacheka bila sauti, tumbo likitikisika. "Sikiliza, kijana. Umri wako huu ngozi inajitengenezea mafuta yake yenyewe. Vitundu vikizibwa, mafuta yanaganda humo ndani, vijidudu vinastawi, panavimba. Mwili wako umeshaanza kujitegemea, wewe bado unauletea misaada."

Akanipa dawa ya salfa, yenye harufu ya kiberiti, nipake kwenye chunusi tu. Uso nioshe asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, kwa viganja, pasipo kusugua. Foronya nifue, maana alikisia, na hakukosea, kwamba ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya ngoma. Nisitumbue tena, kwa sababu kutumbua ni kuusukuma usaha uende chini zaidi, na kovu likishakaa limekaa. Wala nisitegemee muujiza. Itachukua miezi.

"Na hiyo samli, basi."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo."

Nilitoka pale siwazi uso. Niliwaza Mzee Kiondo atakaposimama getini. Kumwambia mama kwamba samli yake ndiyo inayoniharibu ilikuwa kama kumwambia mkono wake una sumu. Na nisipomwambia, atazidi kuamka alfajiri kusukasuka maziwa.

Nikaacha kupaka. Uso ukapoa kwa uvivu, chunusi moja ikikauka huku nyingine ikichomoza, hadi masika yalipokwisha nikaweza kulalia upande wowote. Makopo yaliendelea kuja, nami nikayasukumia chini ya kitanda, mpaka Athumani alipofuata harufu.

"We Karai, una samli humu na sisi tunakula maharage makavu?"

Tangu siku ile samli ikawa ya meza, nami nikahamishwa kutoka mwisho wa benchi hadi katikati. Jina halikubadilika, ila sasa liliitwa kwa mapenzi ya tumbo.

Likizo ilipofika nikapanda Bombo. Mama alinisimamisha mlangoni penye mwanga, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Umepona zile chunusi alizoniambia Mzee Kiondo," akasema. "Unaona? Nilijua samli itakufaa."

Njia nzima kutoka Maore nilikuwa nimepanga kunyamaza. Lakini alikuwa anaongea kwa furaha mno, na mkono wake tayari unaelekea kwenye kibuyu.

"Mama, niliacha kupaka. Tabibu anasema kwa joto la kule samli inaziba ngozi. Ndiyo iliyokuwa inaniletea zile chunusi."

Aliacha kibuyu, akageukia chungu cha makande jikoni, akakoroga. "Toka lini?"

"Toka kabla ya masika."

"Na makopo yote yale?"

"Tulitia kwenye maharage."

"Wewe na nani?"

"Meza nzima."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la khanga. "Kumbe nalisha watoto wa watu." Kisha akashusha mwiko. "Basi sasa nikutumie nini?"

Nilijinyoosha, mwanamume mwenye ndevu za kuhesabika. "Usihangaike, mama. Kule sikosi kitu."

"Haya," akasema. Akachukua mundu, akaenda kumkatia ng'ombe majani, ingawa majani yalikuwa yamejaa zizini hadi mlangoni.

Muhula uliofuata lori la Mzee Kiondo lilipita mbele ya shule. Alipiga honi, akanipungia mkono, hakusimama. Nilibaki getini na uso safi kama sahani, nikijiona mtu mzima, nisielewe kwa nini kifua kimekuwa kizito.

Imenichukua miaka mingi kulielewa swali lile la mama, anitumie nini. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu aliyeshuka mlima, na njia moja tu ya kumfikia, kopo lile. Siku ile jikoni, mimi nilidhani ananiuliza nahitaji nini.