Mifupa ya Kusafishia Maji ya Rangi

Nilifanya kazi kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akitia rangi nguo kuukuu uani kwake, nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique. Miaka ile ya vita wengi walileta nguo zigeuzwe nyeusi za msiba. Maji yaliyobaki tuliyamwaga mferejini, yakapita mbele ya milango ya watu. Chefu, mkuu wa mtaa, akaja kutuambia: maji ya rangi yakitoka tena, anafunga ua. Sikumwona mbaya. Watoto walichezea humohumo.

Tulitaka kuyachuja kwa vumbi la makaa, lakini wakati wa vikwazo vya biashara watu walilifinyanga na udongo wakapikia, hatukulipata. Ndipo mama akaanza kuokota mifupa na vichwa vya mbuzi vilivyotupwa na wauza brosheti, wale wa mishikaki. Tuliichoma ndani ya debe lililofunikwa mpaka ikawa myeusi tititi, tukaitwanga, tukaijaza kwenye pipa lililotobolewa chini. Maji meusi yaliingia juu, yakatoka chini karibu meupe. Siwezi kusema meupe kabisa. Kwa nini mifupa husafisha, sijui. Shule niliiacha mapema.

Shida ilikuwa moshi. Mifupa ikiungua inanuka, na mjini siku zile kila mtu alidhani anaijua harufu hiyo.

Jirani mmoja, ambaye mumewe alienda kazini asirudi, akasukuma geti. Watu wakamfuata.

"We mama, hii mifupa ni ya nani?"

"Ya mbuzi, dada. Uliza watu wa brosheti."

"Mbuzi gani wa kuchomwa mulango umefungwa?"

"Muulize kama mbuzi wake alikuwa na kitambulisho!" mmoja akadakia nyuma, wakacheka.

Mama akamwaga chini gunia lote la mifupa ambayo haijachomwa. "Tafuta, dada. Tafuta mpaka uchoke."

Jirani akapiga magoti. Mumewe alikuwa na jino la dhahabu, sote tulilijua. Akageuza taya moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Kisha akainuka.

"Apana liko. Basi umeshalichukua."

Hapo wale watu wakalivunja pipa. Jirani mwenyewe hakuligusa, lazima niseme hivyo. Alisimama pembeni akipangusa mikono.

Chefu alipofika aliwatoa watu wote. Akasema ushahidi hakuna, lakini mifupa isiingie tena.

"Na maji, chefu?" mama akauliza.

"Maji nilishasema."

"Basi unanifunga."

"We mwenyewe unaona."

Walipoondoka, mama akaanza kukusanya masufuria yake ayauze. Mimi nikachutama kurudisha mifupa guniani. Nilikuwa nimeiokota naye kwa mikono yangu, mingine ikiwa bado na chumvi na pilipili.

"Na we unatafuta nini?" mama akaniuliza.

Nilikuwa nimeshika taya, nimeigeuzia kwenye mwanga, naangalia meno.