Yesu Angemtundikia Nani?

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya parokia kule Kalinzi, Sista Mganga hakunifundisha kuchoma sindano. Alinipa beseni na sabuni, akaniambia nimwoshe mguu mzee mmoja mkulima wa kahawa aliyekuwa na donda linalonuka. "Yesu aliwagusa kwanza, ndipo akawaponya," alisema. "Ukiona kinyaa, rudi kwenu Simbo." Kinyaa nilikiona sana, ila kwetu Simbo lilikuwa linaningoja jembe tu, kwa hiyo nikaosha.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Sista alitusomea maneno yaleyale ya Injili: Yesu anashuka chomboni, anauona umati, anauhurumia, anawaponya wagonjwa wao. Miaka yote ya Kalinzi maneno hayo hayakunisumbua. Wagonjwa walikuja, wengi walipona, tukamshukuru Mungu.

Kisha vita vya ng'ambo ya mpaka vikawamwaga watu ufukweni mwa ziwa, mimi na Sista tukahamishiwa kwenye mahema ya kipindupindu karibu na Ujiji. Ninyi mnaosomea uuguzi leo labda hamjakiona kitanda cha kipindupindu: turubai lililotobolewa katikati, ndoo chini yake. Mgonjwa unamfinya ngozi ya tumbo. Ikibaki imesimama, mwili umeishiwa maji, unamtundikia dripu kabla mishipa haijapotea. Kazi yangu nyingine ilikuwa kusema. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi cha wakimbizi ni ndugu, hivyo kila neno gumu la kuwaambia wenye wagonjwa nilitafutwa mimi.

Asubuhi moja mama mmoja alishuka kwenye boti na wanawe wawili, wote macho yamezama. Mvua ilikuwa imelikwamisha lori la dawa, na stooni ilibaki chupa moja ya dripu. Nikauliza kama tuwagawie.

"Tukigawa tutazika wote wawili," Sista alisema. "Mtundikie mkubwa, mshipa wake bado unaonekana. Mdogo mnyweshe maji ya chumvi kwa kijiko. Mweleze mama yao."

Nikamweleza. Hakulia. Alimtazama Sista, akautazama msalaba uliokuwa shingoni mwake, akaniuliza, "Huyo Yesu wake angemtundikia nani?"

"Anasema nini?" Sista aliuliza.

Nikamfasiria kama alivyosema. Sista akaenda kunawa mikono kwenye maji ya klorini. Alinawa mpaka nikaona aibu kumtazama.

Mdogo alikufa kabla ya adhuhuri, mimi bado nimeshika kijiko. "Mwana wanje," yaani mwanangu, mama alisema, mara moja tu. Mkubwa alipona. Siku ya kupelekwa kambini mama alimvisha shati la mdogo wake, vifungo havikufika, wakapanda lori. Hakuniaga, na simlaumu.

Asubuhi iliyofuata kifo kile Sista alikifungua kitabu, akakifunga. "Haya, tuanze kazi," alisema. Hakutusomea tena mpaka alipougua na kurudishwa kwao. Tuliendelea kugusa watu na kuzika watu. Nilihuzunika nikafika mahali huzuni yenyewe ikanichosha.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo hapa Simbo. Kanisani naenda kila Jumapili, na bado naamini Yesu aliuhurumia ule umati. Nikiliacha hilo sina pa kushika. Ila sisi alituachia huruma, uwezo akaondoka nao, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Yakianza kusomwa yale maneno ya Sista, natoka nje nasimama mpaka yaishe.

Juzi paroko wetu, kijana mpole, alinifuata baada ya misa. "Shikamoo mzee. Huwa unatoka, unaumwa?"

"Marahaba, baba," nikamjibu, na nikamsimulia habari za yule mama na swali lake. Nilidhani labda seminari za siku hizi wameshapata jibu. Akanishika mkono tu.

Hapo kwenye kugusa ndipo nasi tulipokuwa tunaishia.