Fundi wa Simu na Ndege wa Manjano

Ikifika saa saba mchana, fundi wa simu wa Adams Arcade huzima simu yake mwenyewe, huifukia kwenye kopo la mchele anamokaushia simu zilizolowa, kisha huenda kuchuchumaa chini ya mti nyuma ya kibanda. Ncha za vidole vyake zimeungua kwa chuma cha kuchomelea. Mdomo huachama kama wa mtoto anayengoja kijiko cha uji, na wateja wapige kelele watakavyo, hageuki.

Wanjugu alikuwa amemngoja tangu asubuhi. Ndani ya simu yake iliyokufa mlikuwa na sauti ya shemeji yake akikiri kwamba nyumba ya mtaa wa Mutuini ni ya Wanjugu, mjane wa ndugu yake, na saa tisa chifu alitaka kuisikia.

"Mimi nafukuzwa kwangu, wewe unatazama ndege?"

"Simu yako iko kwa chaji, mathe. Njoo uone, anafunga fundo kwa mdomo." Alinong'ona, huku vidole vyake vikifunga nyasi zisizokuwapo. "Jana jike alikikataa kiota. Dume akakibomoa chote. Leo ameanza tena."

Wanjugu alisonya, lakini akainua macho. Ndege wa manjano alining'inia kichwa chini, akivuta unyasi.

"Na hachoki?"

"Hata mimi nashangaa."

Baadaye fundi aliingia kibandani, akaiwasha simu, na sauti ya shemeji ikatoka wazi kabisa: nyumba ni yako. Akamletea. Wanjugu hakunyoosha mkono.

"Ngoja kwanza," alisema, shingo juu. "Jike ameingia ndani."